UZI: Kusoma DNA na RNA ya virusi vya muhogo siku hiyohiyo. Ni kemia ipi inayookoa muda kweli?

#1 KitunduKidogo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nimefungua uzi huu tujadili kemia mpya zinazoharakisha usomaji wa mfuatano wa DNA na RNA. Ili tusielee hewani, napendekeza tushike mfano mmoja hadi mwisho: jani la muhogo lenye dalili, na mkulima anayetaka kujua leo kama mbegu zake zinafaa kupandwa tena.

Muhogo una maradhi mawili makubwa ya virusi. Batobato, iliyoripotiwa mara ya kwanza mwaka 1894 katika eneo ambalo leo ni Tanzania, inaletwa na virusi vya DNA: miduara miwili ya mnyororo mmoja, DNA-A na DNA-B, kila mmoja una besi kama 2,800. Michirizi ya kahawia, iliyoelezwa na H. H. Storey mwaka 1936 akiwa Amani, inaletwa na virusi vya RNA vyenye besi kama 9,000 na mkia wa A nyingi mwishoni. Yote mawili huenezwa na nzi weupe na kwa vipando vyenye ugonjwa, na mmea mmoja unaweza kuyabeba yote kwa pamoja. Tukubaliane hapo mapema, maana kemia ya haraka iliyochaguliwa vibaya itakupa nusu ya jibu, na utaondoka ukidhani umelipata lote.

Sasa msingi wa kusoma kwa matundu madogo (nanopore). Mwaka 1996 Kasianowicz, Brandin, Branton na Deamer walionyesha kwamba mnyororo mmoja wa RNA au DNA unaweza kuvutwa na volteji upite kwenye tundu la protini ya alfa-hemolisini lililopachikwa kwenye utando, na unapopita, mkondo wa ioni hupungua. Wazo lilikuwa zuri, ila mwendo ulikuwa mkali mno. Molekuli iliyoachiwa huru hupita kwa mikrosekunde chache kwa kila besi, na mkondo wenyewe ni wa pikoampia. Kwa muda huo mfupi kelele za umeme humeza ishara yote.

Kwa hiyo safari ya matundu kuelekea kasi ilianza kwa kutafuta breki. Mwaka 2012 ndipo ilipoonyeshwa kwamba polimerasi ya phi29 (kimeng'enya kinachonakili DNA), ikikaa juu ya tundu, inaweza kuupitisha mnyororo hatua kwa hatua. Leo kazi hiyo inafanywa na helikasi, kimeng'enya kinachotembea juu ya mnyororo kikila ATP kama mafuta yake. Kwenye tundu la R10.4.1 la kampuni ya Oxford Nanopore helikasi hupitisha besi 400 kwa sekunde, na kifaa hupima mkondo mara 5,000 kwa sekunde. Gawanya: vipimo 12.5 kwa kila besi. Ukiongeza mwendo wa helikasi bila kuongeza kasi ya upimaji, vipimo kwa besi vinapungua na makosa yanapanda. Tena tundu hilo halioni besi moja moja. Linaona kama tisa kwa wakati mmoja, yaani michanganyiko 262,144 inayowezekana. Ndiyo sababu ishara lazima ipite kwenye mtandao wa neva wa kompyuta kabla haijawa herufi.

Tuanzie hapo. Wenye uzoefu wa maandalizi ya sampuli karibuni.

#2 Pipeti_P20

Mkuu umeanza vizuri, ila kwa muhogo muda mwingi huliwa kabla mashine haijawashwa. Acha niweke hesabu ya benchi.

Kutoa DNA kwenye jani la muhogo ndipo pagumu, kwa sababu jani lina sukari ndefu na fenoli, na zote mbili huzuia vimeng'enya. Bafa ya CTAB (sabuni inayovunja seli) inayofanya kazi: CTAB asilimia 2, NaCl 1.4 M, EDTA 20 mM, Tris 100 mM ya pH 8, PVP asilimia 2, na beta-mekaptoethanoli unayoongeza palepale kabla ya kutumia. Saga miligramu 100 za jani, weka kwenye mikrolita 700 za bafa, nyuzi 65 kwa dakika 30. Klorofomu na isoamili alkoholi kwa 24:1, zungusha kwenye sentrifuji, chukua maji ya juu, kisha isopropanoli. NaCl usiipunguze ili kuokoa chumvi: ndiyo inayobakiza DNA kwenye maji huku CTAB ikishikana na sukari ndefu na protini. Ukiishusha, unapata punje nzuri nyeupe zinazoteleza kama uji, na hizo ni sukari.

Pima kwa Qubit, kifaa kinachotumia rangi inayong'aa ikishika DNA. Kipimo cha mwanga peke yake kitakudanganya, kwa kuwa fenoli na RNA vinahesabiwa kama DNA. Tumia mwanga kupima usafi tu: 260/280 (uwiano wa mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 na 280) iwe karibu na 1.8, 260/230 iwe 2.0 hadi 2.2. Ikiwa 260/230 iko chini ya 1.5, usiendelee. Rudia kusafisha kwa shanga za sumaku, la sivyo utalipia kwa matundu yaliyoziba.

Halafu kuna ujanja wa transposasi, ambao kwangu mimi ndio uliookoa muda mwingi kuliko mabadiliko yoyote ya tundu. Njia ya zamani ya ligasi (kimeng'enya cha kuunganisha DNA) hurekebisha ncha, huweka A, huunganisha adapta (kipande kinachobeba helikasi), na kila hatua ina usafishaji wake. Transposasi hukata DNA na kubandika kipande cha bakodi (alama fupi ya DNA inayotofautisha sampuli) kwa tendo moja. Kwa seti ya haraka ya Oxford Nanopore yenye bakodi ya kizazi cha 14:

Nanogramu 200 za DNA kwenye mikrolita 10, ongeza mikrolita 1.5 za bakodi. Nyuzi 30 kwa dakika 2, nyuzi 80 kwa dakika 2, kisha barafuni. Changanya sampuli zote, weka shanga za sumaku kwa ujazo ulio sawa, osha mara mbili kwa ethanoli ya asilimia 80, toa kwa mikrolita 15 za bafa ya kutolea. Chukua mikrolita 11, ongeza mikrolita 1 ya adapta iliyokwisha kuchanganywa na bafa yake, dakika 5 kwenye joto la chumba. Adapta hushikana na ncha bila ligasi.

Kwa mkono uliozoea, kutoka DNA safi hadi tayari kupakia ni chini ya saa moja.

Kinachoharibika: transposasi hii haifanyi kama kimeng'enya cha kawaida kinachorudia kazi. Kila moja inakata mara moja inabaki hapohapo. Kwa hiyo uwiano ndio kila kitu. DNA ikizidi, vipande vinabaki virefu na vingi havina bakodi, havitasomwa. DNA ikipungua, inakatwakatwa ikawa makombo ya besi mia chache. Na EDTA iliyobaki kutoka kwenye bafa ya TE hunyonya magnesi ambayo transposasi inaitegemea. Toa DNA kwa Tris 10 mM au maji safi.

#3 NziMweupe

Naongeza jambo ambalo halimo kwenye karatasi za maelekezo. Transposasi inahitaji DNA ya minyororo miwili. Virusi vya batobato ndani ya ganda la protini vina mnyororo mmoja, kwa hiyo hivyo havitashikwa. Unachokamata ni nakala za minyororo miwili zinazotengenezwa ndani ya kiini cha seli wakati kirusi kinazaliana. Habari njema ni kwamba duara likikatwa mara moja tu, linafunguka likawa mnyororo mnyoofu wa besi 2,800, na unalisoma zima ndani ya sekunde 7. Usomaji mmoja, jenomu nzima ya DNA-A. Hakuna haja ya kuunganisha vipande.

Hii inaathiri sampuli unayochuma. Kwa batobato chuma jani changa la juu linalochipua, ambako seli zinagawanyika na kirusi kinazaliana kwa nguvu. Kwa michirizi ya kahawia fanya kinyume: dalili huonekana kwenye majani ya chini yaliyokomaa, na kirusi hakijasambaa sawasawa kwenye mmea. Ukichuma jani la juu peke yake, unaweza kukosa michirizi kwenye mmea ambao mizizi yake imeshaoza.

Na kama alivyosema mwanzisha uzi, seti ya DNA haioni kirusi cha RNA. Ripoti ya "hakuna kirusi" iliyotoka kwenye seti ya transposasi isitumike kamwe kupitisha vipando. Inasema tu batobato haikuonekana.

#4 Hesabu_Kwanza

Wakuu, hebu tuangalie namba za mashine yenyewe.

Floseli (kasha lenye matundu) ya MinION, kisomaji kidogo cha Oxford Nanopore, ina chaneli 512, na kila chaneli husoma tundu moja kwa wakati kati ya manne iliyo nayo. Kwa besi 400 kwa sekunde ni besi 204,800 kwa sekunde, yaani kama milioni 737 kwa saa. Hicho ni kilele cha makaratasi. Matundu hukaa tupu yakisubiri molekuli, mengine huziba, mengine hufa, kwa hiyo nusu yake ni kawaida na usishtuke.

Sasa mahitaji. DNA-A na DNA-B pamoja ni besi 5,600. Ukitaka kila besi isomwe mara 100 unahitaji besi 560,000 za kirusi. Tuseme kirusi ni sehemu moja kwa elfu ya DNA yote uliyopakia, kwa sababu jenomu ya muhogo yenyewe ni takribani besi milioni 750 na ndiyo inayojaza tyubu. Basi unasoma besi milioni 560 ili kuzipata hizo. Kwa kilele ni dakika 46, kwa hali halisi saa moja na nusu.

Lakini hayo ni mahitaji ya anayetaka mfuatano kamili wa kuchapisha. Anayetaka jina la kirusi anatosheka na usomaji kumi au ishirini unaokubaliana, na hizo huja ndani ya dakika chache za mwanzo. Hapa ndipo matundu yanapozishinda mashine za mizunguko kama Illumina, zinazosoma besi moja kila mzunguko: ishara inatoka molekuli inapopita, huna haja ya kusubiri floseli imalize kazi. Kazi iliyofanywa kwenye mashamba matatu, moja Tanzania, moja Kenya na moja Uganda, na kuchapishwa 2019 kwa jina la Tree Lab, ilitoka kwenye kufika shambani hadi jibu la awali la batobato chini ya saa 3, kwa vifaa vya betri. Waliepuka CTAB kabisa; walitoa DNA kwa vimeng'enya vinavyostahimili joto ndani ya kifaa kilichofungwa. Naona huo ndio uamuzi uliowapa hizo saa 3. Tundu lilikuwa lile lile la kila mtu.

#5 Mlimani_Bench

Swali kwa NziMweupe na Hesabu. Kama kirusi ni sehemu moja kwa elfu, kwa nini usizidishe miduara kwanza kwa phi29? Praima (vipande vifupi vya kuanzishia unakili) za nasibu, nyuzi 30, na miduara inajizidisha yenyewe.

#6 NziMweupe

Ndugu, inafanya kazi na kwa batobato imetumika sana. Ila angalia gharama. Uzidishaji wenyewe ni kama saa 18, kisha nyuzi 65 kwa dakika 10 kuzima kimeng'enya. Siku imekwisha.

La pili ni umbo. Phi29 inapozungukia duara hutoa mnyororo mrefu wenye nakala nyingi zilizofuatana, na praima zinakaa juu ya mnyororo huo na kuanzisha matawi, na matawi yanazaa matawi. DNA ya matawi haipiti tunduni. Inakwama na kuliziba. Lazima uikate kwanza kwa endonukliasi ya T7, kisha usafishe kwa shanga. Usipofanya hivyo utaona kwenye MinKNOW, programu inayoendesha mashine, matundu yakigeuka kuwa "yaliyoziba" kwa kasi katika saa ya kwanza, na utadhani floseli ni mbovu.

Ninaitumia pale ninapohitaji DNA-B kamili kutoka kwenye sampuli dhaifu. Kwa jibu la siku hiyohiyo siipendekezi.

#7 Pipeti_P20

Na kuna njia ya tatu ambayo watu huisahau: kukataa molekuli. Floseli ikishaanza, programu inasoma besi 400 hivi za mwanzo, inazilinganisha na jenomu ya muhogo, na ikizitambua inageuza volteji ya tundu hilo moja ili molekuli itemwe na tundu lisubiri nyingine. Unaipa faili la jenomu ya muhogo na kuiambia iondoe.

Faida inategemea urefu. Kipande cha muhogo chenye besi 8,000 kingechukua sekunde 20. Kikikataliwa baada ya sekunde moja au mbili umeokoa muda mkubwa. Kikiwa na besi 1,000, kufikia uamuzi umetolewa kimekaribia kwisha. Kwa hiyo ukikatakata DNA kwa kupiga vorteksi au kwa transposasi iliyozidi, njia hii haina maana. Na kompyuta lazima iwe na kadi ya GPU inayomudu kusoma papo hapo. Ikichelewa, uamuzi unafika molekuli imeshapita.

#8 KitunduKidogo

Shukrani sana. Kabla ya kuingia RNA, mtu aweke hatua za kupakia floseli. Maandalizi mazuri mengi hufia hapo.

#9 Mlimani_Bench

Naziweka mimi.

Floseli hukaa nyuzi 2 hadi 8, isigandishwe. Itoe ipate joto la chumba, kisha hesabu matundu: mpya ya MinION iwe na 800 au zaidi, ya Flongle (ile ndogo) 50 au zaidi. Ikiwa chini ya hapo rudisha kwa muuzaji kabla hujaitumia, kwa sababu dhamana inahesabu idadi hiyo.

Changanya bafa ya kusukumia (FCF, FCT, SB na LIB ni majina yaliyo kwenye chupa za seti): mikrolita 1,170 za FCF, mikrolita 5 za BSA (protini ya damu ya ng'ombe) ya miligramu 50 kwa mililita, mikrolita 30 za FCT. Fungua mlango wa kusukumia. Weka pipeti ya P1000 ikiwa 200, izungushe polepole juu hadi uone mikrolita 20 hadi 30 za maji zikipanda kwenye ncha. Umetoa hewa. Ukivuta zaidi ya hapo utakausha utando, na tundu lililokauka halirudi. Sukuma mikrolita 800 polepole, ukibakiza tone kwenye ncha ili usisukume hewa. Subiri dakika 5.

Wakati huo changanya mzigo: mikrolita 37.5 za SB, 25.5 za LIB, 12 za maktaba yako ya DNA (yaani DNA iliyokwisha kubandikwa adapta). Jumla 75. LIB ina shanga zinazozama chini kwa dakika moja, kwa hiyo ichanganye kwa pipeti sekunde ileile unayoitumia. Inua kifuniko cha SpotON (mlango wa kupakia sampuli), sukuma mikrolita 200 zaidi kupitia mlango wa kusukumia, halafu dondosha mikrolita 75 tone kwa tone kwenye SpotON, ukiacha kila tone lizame kabla ya linalofuata. Funga, weka kizuia mwanga.

Kiputo kimoja cha hewa kikipita juu ya matundu kinaua eneo lote kilikopita. Hakuna dawa yake.

Kuhusu kiasi: wengi hupima kwa nanogramu, tundu linahesabu molekuli. Kwa R10.4.1 lenga femtomoli 35 hadi 50. Kwa vipande vya besi 10,000, femtomoli 50 ni kama nanogramu 325; kwa vipande vya besi 1,000 ni nanogramu 32.5 tu. Aliyepakia nanogramu 300 za vipande vifupi amemwaga adapta mara kumi, na helikasi zake zitakula ATP yote mapema. Dalili ni mwendo wa besi kwa sekunde kushuka pole pole kwenye grafu huku matundu yakiwa bado hai.

Ukimaliza, seti ya kuoshea: mikrolita 2 za mchanganyiko wa kimeng'enya cha kukata DNA na 398 za kiyeyushi chake, saa moja, halafu unaweza kupakia sampuli nyingine. Tumia bakodi tofauti na za mwanzo, kwa kuwa mabaki machache hubaki.

#10 Mkia_wa_A

Sasa RNA, na hapa ndipo michirizi ya kahawia inapoonekana.

Kuna njia mbili. Ya kwanza, geuza RNA kuwa DNA halafu soma. Ya pili, soma RNA yenyewe. Nitasema ya pili kwa sababu ndiyo ngeni kwa wengi.

Kirusi cha michirizi kina mkia wa A kama RNA za kawaida za mmea. Adapta ya kwanza ina T nyingi zinazokaa juu ya mkia huo. Maana yake RNA ya ribosomu, ambayo ndiyo nyingi zaidi kwenye sampuli, haina mkia na haishikwi. Unatumia mikrogramu 1 ya RNA yote, au nanogramu 300 za RNA yenye mkia, kwenye mikrolita 8. Ligasi ya T4 dakika 10 kwenye joto la chumba. Kisha mnyororo wa DNA unajengwa juu ya RNA: kwa kimeng'enya cha Induro ni nyuzi 60 kwa dakika 30, nyuzi 70 kwa dakika 10. Mnyororo huo wa DNA hausomwi. Kazi yake ni kunyoosha RNA isijikunje mafundo yatakayokwama tunduni. Wanaouruka ili kuokoa nusu saa hupoteza zaidi kwa matundu kuziba.

Usafishaji wa kwanza ethanoli ya asilimia 70 inakubalika. Usafishaji wa pili, baada ya adapta yenye helikasi kuunganishwa, USITUMIE ETHANOLI. Helikasi ni protini na ethanoli inaiharibu. Tumia bafa ya kuoshea iliyomo kwenye seti. Hali ni hiyohiyo kwa seti ya ligasi ya DNA. Kosa hili ndilo linaloleta floseli yenye matundu 1,200 hai na usomaji sifuri.

Mwendo: seti ya RNA002 ilipitisha besi kama 70 kwa sekunde, RNA004 ni kama 130. Kirusi cha besi 9,000 kinapita kwa sekunde 69 badala ya 129. RNA004 ina floseli yake yenye tundu lililotengenezwa kwa ajili ya RNA. Ukiipakia kwenye floseli ya DNA utapata takataka.

RNA inaingia tunduni kwa mkia, yaani inasomwa kutoka 3′ kwenda 5′. Ikikatika njiani, kipande chenye mkia pekee ndicho kinachosomwa. Ukiona usomaji mwingi umerundikana mwisho wa 3′ na mwanzo wa 5′ ni mtupu, usilaumu mashine. RNA ilikufa kabla ya kufika kwenye tyubu. Chuma jani, litumbukize papo hapo kwenye kihifadhi cha RNA au naitrojeni ya maji. Jani lililosafiri kwenye mfuko wa plastiki kwa saa tatu juani limekwisha.

#11 Hesabu_Kwanza

Nakazia hapo kwa Mkia_wa_A, na kwenye kompyuta kuna mtego unaofanana. Modeli za Dorado, programu inayogeuza ishara kuwa herufi, za R10.4.1 kuanzia toleo 4.2 ni za upimaji wa mara 5,000 kwa sekunde, toleo 4.1 ni la mara 4,000. Ukilazimisha data ya zamani kwenye modeli mpya, herufi zitatoka, faili litaonekana zima, ila ubora utakuwa umeporomoka. Angalia kichwa cha faili la pod5 (lenye ishara ghafi) kabla hujaanza.

Kwa jina la kirusi modeli ya kati inatosha. Ile ya ubora wa juu iwekwe usiku, baada ya jibu kutolewa.

#12 Mlimani_Bench

Wakuu, na SBX ya Roche? Naona inatajwa kama mwisho wa mjadala wote.

#13 KitunduKidogo

Mkuu, SBX ina wazo zuri kuliko yote niliyoyaona miaka ya karibuni, kwa hiyo nitaieleza kwa utulivu.

Tumesema tundu linaona besi tisa kwa pamoja kwa sababu besi zimebanana. Mark Kokoris na wenzake wa Stratos Genomics, kampuni ya Seattle iliyonunuliwa na Roche mwaka 2020, waliuliza: kwa nini tusiivute molekuli iwe ndefu kwanza? Wakatengeneza nyukleotidi ambazo kila moja imebeba kitanzi kirefu chenye alama ya aina yake. Polimerasi iliyofanyiwa mabadiliko makubwa inazipanga juu ya DNA kama kawaida. Kisha tindikali inakata kifungo cha fosforasi na naitrojeni kilicho ndani ya uti wa mgongo, na vitanzi vyote vinafunguka. Unapata molekuli mpya iliyo ndefu mara 50 kuliko DNA ya awali, yenye mfuatano uleule ulioandikwa kwa alama kubwa kubwa. Kwenye tundu alama husomwa moja moja, viwango vinne vilivyo mbalimbali.

Na breki imehamia ndani ya molekuli yenyewe. Kila alama ina kizuizi kinachosimama mdomoni mwa tundu chini ya volteji ya kawaida, na mpigo mfupi wa volteji kubwa unaisukuma hatua moja mbele. Helikasi haihitajiki tena. Mwendo unaamriwa na umeme, na matundu yote ya chipu yanaweza kwenda kwa mpigo mmoja. Chipu iliyoonyeshwa Februari 2025 ina visima milioni 8.

Matokeo yake: mwaka 2022 timu ya Stanford iliripoti kusoma jenomu ya binadamu kwa saa 5 na dakika 2, ikitumia floseli 48 za PromethION, mashine kubwa ya Oxford Nanopore, kwa pamoja. Mwaka 2025 SBX ilishusha muda, kutoka DNA hadi orodha ya mabadiliko, chini ya saa 4.

Lakini kinachosomwa ni nakala. Alama za methili kwenye DNA na alama za kikemia kwenye RNA hupotea wakati wa kunakili isipokuwa uzibadilishe kwanza kwa kemia nyingine. RNA lazima igeuzwe kuwa DNA. Na kwa muhogo, umejenga barabara kuu ya njia nane kumpeleka mtu mmoja sokoni. Kirusi cha besi 5,600 hakihitaji visima milioni 8. Kwa hospitali yenye mtoto mchanga mahututi, hapo hesabu inageuka kabisa.

#14 Rangi_Nne

Nisemee mashine za mizunguko, maana maabara nyingi za kanda hii bado zinazitegemea na kemia yake nayo imesonga.

Kwenye Illumina kila besi ni mzunguko: weka nyukleotidi yenye rangi na kizuizi kwenye 3′, osha, piga picha, ondoa rangi na kizuizi, osha. Usomaji wa 150 mara mbili ni mizunguko 300. Kila dakika moja unayoipunguza kwenye mzunguko ni saa 5 kwenye kazi nzima. Ndiyo maana XLEAP-SBS, kemia ya Illumina iliyokuja na mashine ya NovaSeq X mwaka 2022, ilishughulikia nyukleotidi na polimerasi kabla ya kamera.

Kwa nini usifupishe tu muda wa kila hatua? Kwa sababu kwenye kishada kimoja kuna nakala nyingi zinazopaswa kwenda pamoja. Kama asilimia 0.2 zinachelewa kila mzunguko, baada ya mizunguko 150 zilizobaki kwenye mstari ni asilimia 74. Kwa asilimia 0.1 ni 86. Kemia isiyokamilika huharibu picha hata kamera iwe bora kiasi gani.

Kampuni ya Element ilichagua kutenganisha kazi mbili. Inayotambulisha besi ni molekuli yenye mikono mingi inayoshika nakala kadhaa za kishada kwa pamoja, kwa hiyo haiponyoki na inahitajika kwa kiwango cha nanomola tu. Kurefusha mnyororo ni hatua nyingine. Kampuni ya MGI, kwenye kemia yao ya CoolMPS, walitumia kingamwili zinazotambua besi zisizo na rangi, ili nyukleotidi isiache kovu kwenye mnyororo.

Na tahadhari kwa wenye mashine za rangi mbili: G haina mwanga. Kipande kifupi kikiisha kabla ya mizunguko kuisha, giza linasomwa kama G, G, G. Ukiona mkia wa G kwenye data ya muhogo usiutafutie maana ya kibiolojia. Ukate kwa programu ya fastp kabla ya kulinganisha.

#15 NziMweupe

Rangi_Nne asante, mkia wa G umewapoteza wengi.

Kwa atakayeanza wiki hii na jani lenye dalili mchanganyiko, ningepanga hivi: chuma majani mawili kwa kila mmea, changa la juu na kuukuu la chini, gawanya kila moja nusu kwa nusu. Nusu za DNA ziende kwa transposasi asubuhi, jibu la batobato litoke kabla ya adhuhuri. Nusu za RNA ziende kwenye kihifadhi palepale shambani, na mchana zifanyiwe kipimo cha kugeuza RNA kuwa DNA na PCR ya michirizi, aina zote mbili, ile ya kawaida na ile ya Uganda. Usomaji wa RNA moja kwa moja ufanywe kwa sampuli zile tu zilizoonyesha kirusi, kwa sababu floseli ya RNA ni ghali na sampuli tupu itajaza RNA ya muhogo tu.

#16 Mkia_wa_A

Nakubaliana, ila nakazia jambo moja: nusu ya RNA ya jani la juu isiachwe bila kupimwa. Gharama ya praima ni ndogo, na kwa mmea mchanga ambao bado hauna majani ya chini yaliyokomaa hutakuwa na pengine pa kutafuta.